Mtu Mmoja Mbele ya Kiwanda

Sinema inayomsimulia raia wa kawaida akipambana na kampuni iliyochafua maji, hewa au udongo wa kwao si jambo la jana. Mwaka 1983 mwongozaji Mike Nichols alitoa Silkwood, kisa cha mfanyakazi wa kiwanda cha nyuklia huko Oklahoma, Meryl Streep akiwa mhusika mkuu. Mwaka 1998 ikaja A Civil Action, ambamo John Travolta aliigiza wakili wa familia za Woburn, mji wa Massachusetts ambako maji ya visima yalihusishwa na saratani ya damu kwa watoto. Erin Brockovich ya Steven Soderbergh ilitoka mwaka 2000 na kumpa Julia Roberts tuzo ya Oscar. Dark Waters ya Todd Haynes ilifuata mwaka 2019, kisha Minamata ya mwaka 2020, iliyowapeleka watazamaji Japani, kwa wavuvi waliolishwa zebaki na kampuni ya Chisso kupitia samaki wa ghuba yao wenyewe.

Filamu hizo tano zimejengwa juu ya mambo yaliyotokea kweli, na zinafanana kwa mwenendo. Anatokea mtu asiye na cheo. Anaona jambo ambalo wenzake wamelizoea au wanaliogopa: mifugo inakufa, watoto wanaugua, maji yana harufu. Anauliza, anabezwa, anatishwa, anakosana na watu wa nyumbani kwake. Hatimaye anapata karatasi moja inayosema kile ambacho kampuni ilikanusha, na kesi inakwenda mahakamani. Mtazamaji hutoka akimkumbuka mhusika. Ile karatasi, ambayo ndiyo iliyoshinda kesi, husahaulika mapema.

Kisa cha Erin Brockovich kilitokea Hinkley, kijiji kidogo cha jangwani katika jimbo la California. Kampuni ya Pacific Gas and Electric ilikuwa na kituo cha kusukuma gesi hapo. Kati ya mwaka 1952 na 1966 ilitumia aina ya kromiamu yenye sumu kuzuia kutu kwenye minara ya kupozea mitambo, na maji machafu yakaelekezwa kwenye mabwawa yasiyosakafiwa. Yakapenya ardhini hadi kwenye maji ambayo wanakijiji walikuwa wakiyachota visimani. Brockovich hakuwa mwanasheria. Alikuwa karani katika ofisi ya wakili Ed Masry, mama wa watoto watatu, na shughuli nzima ilianzia kwenye faili la mauziano ya nyumba. Ndani yake alikuta kumbukumbu za matibabu, akajiuliza zinatafuta nini humo. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kuwalipa wakazi zaidi ya 600 dola milioni 333.

Dark Waters inakwenda ndani zaidi, na kwa wilaya ya ng'ombe wa maziwa kama Rungwe, mkoani Mbeya, ni filamu inayoeleweka haraka. Wilbur Tennant alikuwa mfugaji karibu na mji wa Parkersburg, West Virginia. Familia yake iliiuzia kampuni ya kemikali ya DuPont sehemu ya shamba, na kampuni ikapafanya dampo. Kijito kilichotoka upande wa dampo kilipita malishoni. Baada ya muda maji yakaanza kutoa povu, ng'ombe wakakonda, wakawa wakali, meno yakageuka meusi, wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine hadi kupita 100. Tennant alipoona madaktari wa mifugo wa pale hawataki kujiingiza, alichukua kamera ya video akapiga picha za povu na za mizoga. Kisha akawapasua ng'ombe mwenyewe, akitoa moyo, ini na figo mbele ya kamera na kueleza kwa sauti kila alichokiona.

Kanda hizo ndizo zilizomfikia Rob Bilott, wakili wa Cincinnati ambaye kazi yake hadi siku hiyo ilikuwa kuzitetea kampuni za kemikali. Bibi yake aliishi karibu na Parkersburg, na huo ndio uliokuwa mlango wa Tennant. Bilott alifungua kesi mwaka 1999, akaomba nyaraka za kampuni, akaletewa maboksi yenye kurasa zaidi ya 110,000. Alizipanga kwa tarehe na kuzisoma. Humo alikuta jina la kemikali inayoitwa PFOA, iliyotumika kutengeneza Teflon, ule utando wa kwenye vikaango unaozuia chakula kugandamana. Kemikali hiyo haiozi, na ikiingia mwilini hubaki kwenye damu kwa miaka. Nyaraka zilionyesha kuwa kampuni ilikuwa imejua kwa muda mrefu kuhusu hatari zake.

Sehemu ya kesi hii iliyo ngumu kuigiza ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote. Katika mapatano yaliyofuata, pande mbili zilikubaliana kuwa jopo huru la wanasayansi litachunguza kama PFOA inasababisha magonjwa. Watu wapatao 70,000 walijitokeza kutoa damu na kujaza maelezo ya afya zao, kila mmoja akilipwa dola 400. Wakasubiri miaka saba. Mwaka 2012 jopo lilitoa jibu: kemikali hiyo ina uhusiano na magonjwa sita, ikiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 671 kwa madai yapatayo 3,500. Tennant hakuwepo. Alikuwa amefariki mwaka 2009.

Hapo ndipo upungufu wa aina hii ya sinema unapoonekana. Filamu ya saa mbili inahitaji mtu mmoja wa kumfuata na siku moja ya ushindi. Kwa hiyo mamia ya walalamikaji wanageuka sura za nyuma ya picha, na hukumu inakuwa mwisho wa hadithi. Hinkley haikuishia hapo. Uchafu uliendelea kusambaa chini ya ardhi, kampuni ikanunua nyumba nyingi na kuzibomoa, na shule ya kijiji ikafungwa mwaka 2013. Fidia ililipwa, lakini kijiji chenyewe kikabaki karibu mahame. Anayezitazama filamu hizi ili ajifunze namna ya kudai haki inampasa aulize mambo mawili ambayo zenyewe huyapitia haraka: ushahidi ulipatikanaje, na baada ya hukumu walalamikaji walipata nini.

Afrika Mashariki ina kisa chake, nacho kinajibu maswali hayo mawili kuliko filamu yoyote. Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda ulioko Mikindani, Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000. Katika miaka ya 2000 kampuni iitwayo Kenya Metal Refinery EPZ ilijenga kiwanda ukutani kabisa mwa mtaa huo, ikikusanya betri chakavu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo kwa ajili ya kuuza nje ya nchi. Kazi ya namna hiyo huanza kwa kupasua betri na kumwaga asidi. Mabamba ya risasi huingizwa kwenye tanuri, na moshi unaotoka hubeba vumbi laini la risasi. Vumbi hilo hutua kwenye mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye udongo ambao watoto wanauchezea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Mwaka 2009 kampuni ilimwajiri Phyllis Omido kuwa kiungo kati yake na jamii. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira. Mtaalamu aliyeifanya alieleza kuwa kiwanda hakikustahili kuwa pale, karibu na makazi ya watu. Omido alipopeleka ushauri huo kwa wakubwa wake alihamishiwa kazi nyingine. Haukupita muda mwanawe mchanga akaugua. Alitibiwa kama mgonjwa wa malaria na homa ya matumbo bila nafuu, hadi damu yake ilipopimwa na kukutwa na risasi. Mama alikuwa akimnyonyesha, na sumu ilikuwa imepita kwenye maziwa.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kiini cha kisa kizima. Omido hakuridhika kuwa tatizo ni la mwanawe peke yake. Alitafuta watoto wengine wa mtaani, wasio na uhusiano na kiwanda, wakapimwa damu. Nao wakakutwa na risasi. Kwa hatua hiyo moja suala lilitoka kuwa ajali ya mfanyakazi mmoja na kuwa suala la mtaa mzima, na halikuweza tena kumalizwa kwa kulipa gharama za hospitali za mtu mmoja. Alianzisha shirika la Center for Justice, Governance and Environmental Action, akaandika barua kwa mamlaka moja baada ya nyingine, akaandamana na wakazi. Mwaka 2012 alikamatwa akashtakiwa kwa uchochezi, kisha mahakama ikamwachia huru. Mwaka huohuo watu wenye silaha walimvamia nje ya nyumba yake akiwa na mwanawe, wakaponea chupuchupu.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na magazeti ya nje yakaanza kumwita Erin Brockovich wa Afrika Mashariki. Sifa hiyo ilikuwa ya heshima, lakini ilimfupisha, kwa sababu kesi yenyewe ilikuwa haijaanza. Wakazi walifungua shauri katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa mwaka 2016, wakiegemea Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 42 ya katiba hiyo inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwanza kuwa kuna mtu aliyepata hasara au madhara.

Hukumu ilitoka Julai 2020. Wakazi walipewa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na wadaiwa wakaamriwa kuusafisha udongo, la sivyo watoe shilingi milioni 700 nyingine za kazi hiyo. Jambo la kuzingatiwa zaidi kuliko fedha ni nani walioamriwa kulipa. Kampuni haikuwa peke yake. Mamlaka ya taifa ya mazingira ya Kenya, wizara za serikali na mamlaka inayosimamia maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje zote zilionekana kuwa na lawama, kwa kuwa zilitoa vibali au zilinyamaza wakati zilipaswa kuzuia. Filamu za Hollywood mara nyingi humweka adui mmoja, kampuni. Mahakama ya Mombasa iliona mnyororo mzima, na msimamizi aliyefumba macho naye akawekwa katika orodha ya wanaopaswa kulipa.

Mamlaka ya mazingira ilikata rufaa, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Mwaka huohuo Omido alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood wakati wakazi aliowatetea hawana hata senti mkononi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Tangu siku Omido alipoajiriwa hadi uamuzi huo ilikuwa imepita miaka 15. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka ambao Omido aliajiriwa alikuwa amefika umri wa sekondari.

Tanzania nayo ina raia wake waliosimama mahakamani, ingawa hawajulikani kama wanavyostahili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki jiji kwa kutupa taka mtaani kwao. Dampo la Tabata lilikuwa likiwaka moto na kutoa moshi na harufu mchana na usiku, na wakazi walikuwa wakiugua. Shauri hilo, linalojulikana kama Kesi ya Kessy dhidi ya Halmashauri ya Jiji, liliwapa wakazi ushindi. Jiji likaomba liongezewe muda wa kuendelea kutupa. Jaji Lugakingira alikataa, akieleza kwamba kuhatarisha afya ya watu kwa namna ile kunagusa haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Hapakuwa na sheria mahususi ya kumpa raia haki ya mazingira safi wakati huo. Jaji aliitoa ndani ya haki ya uhai. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, katika shauri la Balegele na wenzake zaidi ya 700, nao wakashinda.

Kisa hicho cha madampo mawili kingefaa filamu kuliko vingi vilivyokwisha kutengenezwa. Kina watu wa kawaida, kina jaji jasiri, na kina ukweli mchungu kwamba ushindi wa Tabata ulihamishia tatizo kwa watu wengine, ambao ilibidi waanze upya.

Upande wa migodi mambo yamekuwa mazito zaidi. Mwaka 2009 maji machafu kutoka mgodi wa North Mara yalivuja hadi mto Tigithe wilayani Tarime, na wanavijiji wakalalamika kuhusu ngozi zilizoharibika na mifugo iliyokufa. Mwaka 2019 serikali iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafu uliovuja kutoka kwenye bwawa la tope la sumu. Machi 2022 maji ya mto Mara yaligeuka rangi na samaki wakafa. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali, ikiongozwa na Profesa Samwel Manyele, ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Taarifa hiyo ilipokelewa kwa mashaka makubwa. Ubishi huo usingefika mbali kama kungekuwa na vipimo vya mfululizo vya maji ya mto, vilivyochukuliwa kabla ya samaki kufa na kuwekwa wazi kwa umma. Kamati inayoundwa baada ya tukio huanza kazi ikiwa imechelewa, hata kama wajumbe wake ni waaminifu kiasi gani.

Kwa Rungwe, haya si mambo ya mbali. Wilaya hii imekaa juu ya chanzo cha maji ya watu wengi. Mvua ya maeneo yanayozunguka Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, mlima Rungwe wenye mita zinazokaribia 3,000 ukiikusanya na kuigawa. Mto Kiwira unateremka kupita chini ya Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba, hadi wilaya jirani ya Kyela. Mito ya Mbaka na Lufilyo nayo inaelekea huko huko. Yote inaishia Ziwa Nyasa, lenye mamia ya aina za samaki na lenye mto mmoja tu wa kutoa maji, Shire, upande wa Malawi. Kinachoingia ziwani kutoka Rungwe hakina haraka ya kutoka.

Na shughuli za kuangaliwa zipo. Kuna mashamba na viwanda vya chai, kuna viazi na parachichi vinavyopigwa dawa, kuna mitambo ya kumenya kahawa ambayo wakulima huiita CPU. Kuna gesi ya kabonidayoksaidi inayovunwa karibu na mlima Kyejo upande wa Busokelo, na kuna karakana na masoko ya miji inayokua. Shughuli hizi ndizo zinazolisha familia, na kuzitaja si kuzishtaki. Lakini kila moja ina uchafu wake. Maji yaliyooshea kahawa iliyomenywa, kwa mfano, yamejaa sukari na nyama ya tunda. Yakimwagwa mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha hutumia hewa iliyomo majini, mto ukaanza kunuka na samaki wakakosa pumzi bila kuwepo sumu yoyote. Mashimo ya kutuliza maji hayo yakichimbwa na kutunzwa, tatizo hupungua sana.

Rungwe ina ugumu wake mwingine ambao Parkersburg haikuwa nao. Ni nchi ya volkano. Gesi ya kabonidayoksaidi hutoka yenyewe ardhini katika baadhi ya mabonde, nzito kuliko hewa, ikatulia mashimoni na kuua ndege na wanyama wadogo wanaoingia humo asubuhi kabla ya upepo. Chemchemi za moto hutoa maji yenye madini mengi. Wakati wa masika mito hubeba udongo hadi ikawa myekundu. Kwa hiyo mnyama aliyekufa au maji yaliyobadilika rangi, peke yake, havithibitishi kosa la mtu. Mwanasheria wa kampuni yoyote angeanzia hapo, na angekuwa na haki ya kuanzia hapo. Anayelalamika anatakiwa aonyeshe tofauti kati ya kazi ya mlima na kazi ya binadamu.

Sheria inampa pa kusimamia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kuchukua hatua za kisheria haki hiyo inapotishwa. Inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi wa eneo husika washirikishwe. Inatambua kamati za mazingira za vijiji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaongeza kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na inataka anayemwaga maji machafu mtoni awe na kibali.

Wilaya hii ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina: Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, inayosimamia vibali hivyo kwa bonde zima upande wa Tanzania, ina makao yake Tukuyu. Mwananchi wa Kiwira, Katumba au Masoko hahitaji kusafiri mbali kufika kwenye ofisi hiyo. Halmashauri ina afisa mazingira. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali zote zina ofisi za kanda Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 70.

Ushahidi wenyewe una taratibu zake, na hapa ndipo kesi nyingi hufa kabla ya kuzaliwa. Sampuli moja haitoshi. Zinahitajika angalau mbili zilizochukuliwa wakati mmoja: moja juu ya mahali maji machafu yanapoingilia mtoni, nyingine chini yake. Kama ile ya juu ni safi na ya chini ni chafu, mlima na masika vimekwisha kujitoa kwenye lawama. Chupa huoshwa kwa maji ya mto uleule mara kadhaa kabla ya kujazwa. Mchotaji husimama akielekea maji yanakotoka, ili tope analolitibua lisiingie, na huichovya chupa katikati ya mkondo, si pembezoni ambako maji yamesimama. Juu yake huandikwa tarehe, saa, mahali na jina la aliyechota. Huwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara ndani ya siku moja, maana vijidudu hubadilisha maji yaliyokaa chupani. Vipimo vya metali na vya vijidudu huhitaji chupa na maandalizi tofauti, na hiyo ni kazi ya maabara kuelekeza.

Mahakamani, hata hivyo, chupa iliyochotwa na mlalamikaji mwenyewe hubishiwa kwa urahisi. Uzito unakuwa kwenye sampuli iliyochukuliwa na mkaguzi wa mazingira au afisa wa bonde, mashahidi wakiwepo, ikafungwa kwa lakiri na kila aliyeipokea akatia saini. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mwanakijiji aliyeona povu alfajiri ni kupiga picha zenye kuonyesha mahali na saa, kuwaita majirani waone, na kumpigia simu afisa huyo mapema asubuhi hiyohiyo. Mto hausubiri. Kinachomwagwa usiku kinaweza kuwa kimefika Kyela kabla ya ofisi kufunguliwa. Tennant alihitaji kamera ya video ya kanda. Simu ya mkononi leo inafanya kazi hiyo kwa ubora zaidi, na inaandika tarehe yenyewe.

Kwa upande wa afya, rekodi za zahanati zina thamani kuliko kumbukumbu za mdomo. Mganga akiandika kila mgonjwa wa upele au wa kuhara pamoja na kitongoji anachotoka, baada ya miezi michache daftari hilo linaweza kuonyesha kama magonjwa yamefuata mto au yametawanyika wilaya nzima. Mombasa damu ya watoto wachache tu ndiyo iliyogeuza mambo, kwa sababu ilipimwa na kuandikwa.

Inabaki barua. Malalamiko yaliyotolewa kwenye mkutano wa kijiji yanaweza kukanwa baadaye, lakini barua yenye muhuri wa kupokelewa haikanwi. Mlalamikaji huandika nakala mbili, moja akaiacha ofisini, nyingine akairudisha nyumbani ikiwa imegongwa muhuri na tarehe. Muhtasari wa mkutano wa serikali ya kijiji uliojadili suala hilo, ukiwa na saini za mwenyekiti na mtendaji, huambatishwa. Mambo haya hayana mvuto wa sinema, lakini bila hayo hakuna namna ya kuonyesha kuwa msimamizi alijua na hakutenda. Ofisi isipojibu, nakala inayofuata hupelekwa ngazi ya juu yake ikiitaja ile ya kwanza kwa tarehe, na kijiji hubaki na faili lake lenyewe la kumkabidhi wakili siku shauri litakapofunguliwa.